Magoti Yanapokaza Asubuhi: Si Uvivu, Ni Baridi Yabisi

Mazungumzo haya yalitolewa na mtaalamu wa tiba ya mazoezi mbele ya wanafunzi wa sekondari. Tumeyaacha kama alivyoyasema, na yeye mwenyewe ameongeza maneno machache kwa ajili yako msomaji.

Hamjambo vijana? Mbona mnaitikia kama mnatoka usingizini! Haya, sawa. Najua mmetoka kula ugali sasa hivi, na mgeni anayeletwa baada ya ugali huwa na kazi.

Nimekuja tuongee kuhusu baridi yabisi. Tayari nasikia wengine moyoni wanasema, "Aa, huo si ugonjwa wa bibi? Mimi unanihusu nini?" Ngoja kidogo. Nani kati yenu amewahi kumwona kijana mwenye baridi yabisi? Nyoosha mkono. Hakuna? Basi leo mmemwona, yuko mbele yenu. Sasa ni mtu mzima, lakini ugonjwa ulinianza mwaka 1996 nikiwa kidato cha pili, nina miaka 14.

Ulianza goti la kulia. Nilidhani nimeumia kwenye netiboli, nikalifunga kitambaa, basi. Likavimba. Ukiligusa unasikia lina joto. Baada ya wiki chache likafuata la kushoto, halafu vifundo vya mikono, halafu vidole. Lakini kilichonitesa zaidi hayakuwa maumivu. Ilikuwa asubuhi. Kengele ya saa kumi na moja ikilia, wenzangu wanaruka vitandani kwenda mchakamchaka, mimi magoti yamekaza kama bawaba zenye kutu. Kufunga vifungo vya shati ni shughuli. Kushika fagio ni shughuli. Kuchuchumaa chooni, hilo hata sisemi.

Ajabu ni kwamba ikifika saa nne mwili ulikuwa umelainika, nakimbilia chai kama wengine. Sasa jiweke wewe kwenye nafasi ya mwalimu wa zamu. Binti huyu alfajiri hawezi mchakamchaka, saa nne anakimbilia chai. Ungesema nini? Mvivu. Anajifanya. Nikaamriwa kuruka kichura kuzunguka mlingoti wa bendera, na magoti yangu yakiwa kama maembe. Bwenini wakanipa jina, "Bibi". Nikacheka nao, kwa sababu ukinuna jina ndiyo linashika. Usiku nililia ndani ya shuka.

Mwalimu yule simlaumu sana. Hakujua, hata mimi mwenyewe sikujua. Lakini sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Likizo ya Juni nilirudi nyumbani Muheza. Mama aliponiona ninavyoshuka kwenye basi alishika kichwa. Kuanzia siku ile, "Mwanangu usinyanyuke." Uji kitandani, wali kitandani, maji ya kuoga yanaletwa hadi mlangoni, na chini ya goti ameniwekea mto ili lipumzike limekunjwa hivi, vizuri. Nilikaa hivyo karibu wiki tano. Bwana we, ilikuwa raha! Na raha ile ndiyo iliyoniharibu. Goti liligandia vilevile lilivyokaa kwenye mto. Siku niliyotaka kusimama likagoma kunyooka. Msuli wa paja ulikuwa umeisha, paja la kulia limekuwa jembamba kama mkono. Hospitali niliingia nikitembea kwa ncha ya vidole vya mguu. Nilifanya mazoezi miezi minane kulinyoosha, nikapoteza mwaka mzima wa shule, na mpaka leo halinyooki lote. Njooni baadaye niwaonyeshe.

Kwa hiyo walionidhania mvivu waliniumiza, na aliyenihurumia aliniumiza zaidi, tena kwa upendo mtupu. Mama yangu hakufanya kosa la ajabu. Mtu yeyote akiona goti limevimba husema lilale. Lakini kiungo hakifanani na kidonda. Kiungo kimeumbwa kwa kutembea, na kikinyimwa mwendo kinakufa polepole.

Hebu tuone ndani kuna nini. Mahali mifupa miwili inapokutana, kila ncha imefunikwa na gegedu, ile nyama nyeupe ngumu mnayoitafuna kwenye mguu wa kuku. Kuzunguka hapo kuna mfuko mwembamba wenye ute wa kulainisha. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ule ute, na ute unaingia vizuri pale kiungo kinapokunjwa na kukunjuliwa, kama sponji unapoiminya na kuiachia ndani ya maji. Ndiyo maana kulala tu hakusaidii.

Baridi yabisi ya vijana kama niliyonayo mimi ni kazi ya kinga ya mwili iliyopotea njia. Ni kama mlinzi uliyemwajiri akalewa, badala ya kumfukuza mwizi anampiga mwenye nyumba. Anashambulia ule mfuko, unavimba na kujaa maji, na ukiachwa miaka unakula gegedu na mfupa. Kwa nini mlinzi analewa? Sababu kamili haijajulikana. Ila hauambukizi, si uchawi, wala hauletwi na kuoga maji ya baridi au kulala sakafuni, ingawa jina lenyewe lina neno "baridi". Asubuhi ya baridi inaweza kukufanya usikie umekaza zaidi, lakini siyo inayoleta ugonjwa. Wa bibi yako mara nyingi ni mwingine: gegedu limelika kwa umri, uzito na kazi nyingi. Na lile dole gumba la mguu linalomwamsha mjomba usiku wa manane likiwaka moto, hilo ni jongo, nalo lina matibabu yake.

Kama wewe au mwenzako ana kiungo kilichovimba au kinachokaza kila asubuhi, usingoje kitapita. Nenda ukapimwe. Madaktari wakiona uvimbe umedumu wiki 6 kwa kijana aliye chini ya miaka 16, na sababu nyingine hazikuonekana, ndipo wanaanza kuuita kwa jina hili. Nchini Uingereza inakadiriwa takriban mtoto 1 kati ya 1,000 anao, kwa hiyo si kioja.

Yapo mambo yasiyongoja hata kesho. Kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina moto, hutaki hata shuka ikiguse, na una homa kali: hospitali leo leo, huenda kuna usaha ndani. Na kama ulikuwa na koo linauma, kisha baada ya wiki mbili tatu maumivu yanahama, leo goti, kesho kifundo cha mguu, mwambie mganga habari ya koo bila kuficha. Hiyo inaweza kuwa homa ya baridi yabisi, ambayo viungo inaviacha salama lakini inaharibu milango ya moyo. Wenzetu wenye selimundu nao hupata maumivu makali ya mifupa na viungo, na tiba yao ni tofauti kabisa.

Sasa tuseme umeshapimwa, una dawa zako, umerudi shuleni. Utaishije? Hapa nitasema kwa kirefu, maana daktari unamwona mara moja kwa mwezi au miezi mitatu, siku nyingine zote uko peke yako na mwili wako.

Kazi ya asubuhi inaanza usiku. Panga sare, viatu na daftari kabla ya kulala, ili alfajiri usianze kutafuta soksi na vidole vilivyokaza. Lala miguu imenyooka. Mto chini ya goti, hapana! Nimeshawaambia ulichonifanyia. Kisha amka kabla ya wenzako, nusu saa inatosha. Usiruke. Ukiwa bado kitandani, fungua na funga viganja taratibu, zungusha vifundo vya mikono na miguu, kunja goti moja na kulinyoosha, halafu la pili. Bonyeza nyuma ya goti kwenye godoro, hesabu mpaka kumi, achia. Mara kumi kila mguu. Zoezi hili dogo ndilo lililonirudishia paja langu. Ukipata maji ya moto kiasi jikoni, tia mikono kwenye beseni dakika kumi huku ukiichezesha, au kamua khanga iliyochovywa humo na uifunge gotini. Mpishi wa shule nilimbembeleza, akawa ananiachia kopo moja kando ya jiko. Joto linasaidia kukaza. Lakini kiungo kikiwa chenyewe kina moto na kimevimba, wengi hupata nafuu zaidi kwa ubaridi: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, au kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya mtungi.

Mchakamchaka je? Siku mbaya usikimbie, tembea. Siku nzuri kimbia kidogo. Kuogelea na baiskeli ni rafiki zaidi kwa magoti, na mpira au netiboli havikatazwi ugonjwa ukiwa umetulia. Kipimo ninachowapa wagonjwa wangu ni hiki: kama saa mbili baada ya zoezi bado unaumwa kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza, ulizidisha. Kesho punguza. Punguza, sikusema acha.

Maji. Najua shule nyingi mnachota. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ina uzito wa kilo 20, na ule mshikio mwembamba unavikata vidole vilivyovimba. Nenda na nusu ndoo mara mbili. Watu watasema unachelewesha foleni, waache waseme. Tumia viungo vikubwa kuvipunguzia vidogo: begi livae mabega yote mawili, sufuria ibebe kwa viganja viwili badala ya vidole, mlango usukume kwa bega. Kupiga deki, tafuta fagio la mpini mrefu.

Kuandika ndiko kulikonishinda zaidi, na nadhani hapa wengi hawaombi msaada kwa sababu ni jambo la aibu. Mkono unakaza katikati ya insha. Peni nyembamba ni adui. Chukua kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, kiviringishe kwenye peni mpaka inenepe kama kidole gumba, ufunge na uzi. Utaona tofauti siku hiyo hiyo. Kila baada ya kurasa mbili iweke peni chini, fungua kiganja, hesabu ishirini. Na mtihani wa taifa ukiwa mbali bado, si wiki moja kabla, nenda kwa mkuu wa shule na cheti cha daktari uulize kuhusu muda wa ziada. Shule ndiyo inayokuombea, na maombi hayo yana tarehe zake.

Mikono nimeitaja, basi nimtaje mtu mmoja. Christiaan Barnard, daktari wa upasuaji wa Afrika Kusini, aligundulika kuwa na baridi yabisi mwaka 1956. Miaka 11 baadaye, tarehe 3 Desemba 1967, kule Cape Town, aliongoza upasuaji wa kwanza duniani wa kumwekea mtu moyo wa mtu mwingine. Sindano, nyuzi, mishipa, vyote kwa vidole vyenye ugonjwa huu. Sisemi hivyo ili mdhani ni mchezo. Mwaka 1983 mikono ilimlazimisha kuacha upasuaji. Lakini hesabuni wenyewe 1956 mpaka 1983 ni miaka mingapi.

Chakula nitapita haraka, ingawa ndicho mnachopenda kuniuliza. Hakuna chakula kinachoponya baridi yabisi. Kuacha nyama kabisa ni ushauri unaochanganywa na ule wa jongo. Kula kama kawaida: maharage, mchicha, matunda, maziwa ukipata, na dagaa pamoja na mifupa yake, maana mifupa yetu inahitaji chokaa ile. Kinachojulikana vizuri ni uzito. Wachunguzi waliowapima wazee wenye magoti yaliyolika waliona kila kilo 1 mtu anayopungua, goti linaondolewa mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. Bibi yangu kule Muheza alikuwa mnene, Mungu amrehemu, na magoti yalimsumbua kweli. Hakuwa na daktari wa viungo. Alikuwa na akili. Alipandisha kigoda chake cha jikoni kwa matofali mawili ili asiinuke kutoka chini sana, akamwambia mjukuu wake afunge kamba nene kwenye nguzo ya choo ya kujivutia, na kila jioni alitembea mpaka kwa jirani na kurudi, hata kama hana habari ya kupeleka. Alipokuja kuniona nimelala na mto chini ya goti alimwambia mama, "Huyu mtoto mnamkausha." Hatukumsikiliza.

Sigara: inaongeza hatari ya kupata baridi yabisi ya watu wazima na inaufanya ugonjwa kuwa mkali. Basi.

Dawa, hapa natulia kidogo. Vidonge vya kupunguza uvimbe kama ibuprofeni na diklofenaki meza ukiwa umekula, la sivyo tumbo litakulilia, na usivichanganye viwili vya aina hiyo. Ukipewa methotreksati, inamezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, siyo kwa siku! Kuimeza kila siku kumeua watu. Chagua siku, iandike kwenye jalada la daftari. Haipatani na pombe, na inaharibu mimba, kwa hiyo dada zangu, kama kuna mambo yanaendelea, daktari ayajue. Hatakupeleka kwa mwalimu wa nidhamu.

Halafu kuna yule jamaa wa stendi mwenye "dawa ya viungo", unameza siku mbili unacheza ngoma. Dawa za namna hiyo zimewahi kupimwa sehemu nyingi duniani zikakutwa zina steroidi, kama prednisoloni, bila mnunuzi kuambiwa. Steroidi ni dawa halali, hata mimi nimewahi kupewa, lakini kwa kipimo na kwa muda. Ukijinywea mwenyewe uso unaumuka, mifupa inakuwa miepesi, sukari na presha vinapanda, na ukiacha ghafla baada ya kuzoea unaweza kuanguka vibaya. Kama umeshaanza kunywa dawa ya namna hiyo usiitupe leo. Ichukue na pakiti yake, nenda nayo hospitali.

Jambo moja watu wengi hawaambiwi: baridi yabisi ya watoto na vijana inaweza kuingia machoni. Jicho haliumi, halina wekundu, huku ndani linaharibika. Ukishaambiwa unao ugonjwa huu, omba kupelekwa kwa mtaalamu wa macho na urudi kila anapokupangia, hata kama unasoma ubao vizuri.

Na nyinyi mlio wazima, ambao ndio wengi hapa? Mwenzako akisema amekaza, mwamini, hata kama saa nne ulimwona anakimbia. Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo. Usimwite bibi. Lakini pia usimbebee kila kitu. Rafiki yangu mmoja wa kidato cha tatu, nilipoanza upya, alikuwa anachota nusu ndoo na mimi nusu ndoo, tunakwenda pamoja mwendo wangu, tunapiga soga. Hakunipokonya ndoo hata siku moja. Nilikuja kugundua baadaye kuwa alikuwa anatangulia kuamka ili aniamshe nifanye mazoezi yangu ya kitandani kabla ya kengele. Hakuwa amesoma tiba yoyote. Alikuwa ameniuliza tu, "Sasa wewe unataka nikusaidie nini?" Ulizeni hivyo.

Mama yangu naye nilimweleza, ilichukua muda. Kwake kuniona naosha vyombo kwa taabu ilikuwa kama yeye ndiye anayenitesa. Daktari ilibidi amwite na kumwonyesha kwa mkono wake jinsi ya kulinyoosha goti langu kila jioni. Alilia siku ya kwanza, mimi nikapiga kelele. Wiki ya tatu tukawa tunafanya huku tunasikiliza taarifa ya habari redioni.

Nina nakala za karatasi yenye picha za yale mazoezi ya kitandani, nimezikabidhi kwa matroni na patroni. Mwenye swali la siri aje nitakapokuwa nakunywa chai, nitakaa chini ya ule mwembe peke yangu makusudi.

Sasa simameni. Ndiyo, wote, na walimu pia. Mmekaa karibu saa nzima, na wewe unayesoma huenda umekaa muda huo huo. Shika kiti au bega la jirani. Inua kisigino, shusha. Nyoosha goti la kulia mbele yako, kaza paja, tuhesabu pamoja mpaka kumi. Moja...